Kizuri chajiuza, lakini siku hizi soko liko kwenye simu

Asubuhi moja mwaka 2021, msichana alibisha hodi nyumbani kwetu Mji wa Kale, Mombasa. Alikuwa ametoka Bamburi na tuktuk ilikuwa ikimngoja barabarani.

"Nimekuja kuchukua oda yangu, mama," akasema baada ya salamu. Alikuwa ameagiza mikate ya sinia mitatu na mahamri 60 kwa ajili ya chai ya wageni wa arusi ya dadake.

Mamangu akashangaa. "Oda gani, mwanangu? Nani aliyeipokea?"

Msichana akatoa simu. Palikuwa na ukurasa wenye picha za mikate yetu, masinia yetu na hata kitambaa cha meza cha mama. Bei ilikuwa ile ile tunayouza sisi, shilingi 300 mkate na shilingi 10 hamri. Alikuwa ameshatuma shilingi 1,500 kwa namba ambayo si yetu. Tulipoipigia haikupatikana. Kwetu alifika kwa kuwaonyesha watu wa mtaani picha zile, nao wakamleta moja kwa moja mpaka mlangoni, kwa sababu mtaa mzima waijua mikate ya mama.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba sisi hatukuwa na ukurasa wowote. Picha zile zilipigwa na wateja wetu wenyewe, wakaziweka kwenye akaunti zao kwa mapenzi. Tapeli akazikusanya na kufungua duka kwa jina letu.

Mama alimpa mikate miwili iliyokuwa tayari pamoja na mahamri yote yaliyobaki asubuhi ile, wala hakuchukua hata senti. "Jina langu ndilo lililomleta hapa," akaniambia yule msichana alipoondoka.

Tangu siku hiyo sijauliza tena kama biashara ndogo inahitaji kuwa kwenye mitandao ya kijamii. Iko huko tayari, mwenyewe apende asipende. Swali lililobaki ni nani anayezungumza kwa niaba yake. Nimeandika haya kwa ajili ya wenzangu wa Pwani wenye vibanda, maduka, jiko la nyumbani, cherehani au tuktuk, ambao bado wanaona mambo hayo ni ya vijana au ya makampuni makubwa.

Hoja ya mama

Kwa miaka mingi nilikuwa nikimsihi mama afungue ukurasa. Jibu lake lilikuwa moja: "Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

Nami sikuwa na la kumjibu, kwa sababu alikuwa na ushahidi. Mikate yake iliisha kila siku kabla ya saa nne. Harufu ya iliki ilipotoka dirishani, watu walijua. Methali hiyo ni ya kweli pale ambapo mnunuzi na muuzaji wanaishi mtaa mmoja. Lakini watoto wa majirani zetu wamehamia Nyali, Kisauni, Mtwapa na Likoni. Dirisha ni lile lile na harufu ni ile ile, ila mpitaji amepungua. Na siku ile ya msichana wa Bamburi niliona jambo ambalo methali haikutuonya: kibaya kilikuwa kinajitembeza kwa jina la kizuri.

Isitoshe, Pwani haijawahi kuuza kimya kimya. Muuza kahawa hugonga vikombe vyake akipita vichochoroni, nawe wajua amefika kabla hujamwona. Angalia pia leso za Mtaa wa Biashara zenye alama ya K.H.E. na maneno "Mali ya Abdulla". Kila mwanamke aliyejifunga leso hiyo aliitembeza alama ya mfanyabiashara mpaka arusini, sokoni na kisimani, bila kulipwa. Mitandao ya kijamii imeongeza tu umbali ambao sauti ya vikombe inafika.

Kwa nini jambo hili ni muhimu

Kwanza, mteja wa leo huangalia kabla hajatoka nyumbani. Nauli imepanda, jua ni kali, na foleni ya feri ya Likoni haina huruma. Mtu hataki kuvuka kisha akute duka limefungwa au rangi ya dera anayoitaka imekwisha. Anafungua simu na kutafuta vitu vitatu: picha, bei na mahali. Asipovipata kwako atavipata kwa mwengine. Duka lisilo na chochote kwenye simu ni kama duka lisilo na kibao. Wanaolijua watalifikia, na wageni watalipita.

Pili, gharama yake iko chini. Tangazo la redio au bango la barabarani ni kitu ambacho muuza viazi karai hawezi hata kukifikiria. Kufungua ukurasa hakulipiwi. Unachotoa ni bando la intaneti, muda wako na uvumilivu. Hata ukiamua kulipia tangazo, unaweza kuamuru lionekane na watu walio karibu nawe tu, au wa umri fulani, na ukaweka kikomo cha pesa za kila siku. Wasiokuwa na kadi ya benki walikuwa wakikwama hapo. Tangu 2022 huduma ya M-Pesa GlobalPay humpa mtu kadi ya Visa ndani ya simu yake, nayo hulipia mambo kama hayo.

Tatu, unakuwa na njia ya kuwafikia wateja wako siku mlango unapofungwa. Hili tulijifunza kwa uchungu. Tarehe 6 Mei 2020, katikati ya Ramadhani, serikali ilitangaza kwamba hakuna kuingia wala kutoka Mji wa Kale kwa sababu ya korona. Mikahawa na masoko ya humu ndani yakafungwa. Ramadhani ndiyo miezi kumi na miwili ya mama kwa mwezi mmoja, na wateja wake wengi walikuwa nje ya kizuizi. Jirani yetu anayeuza achari na mabuyu alikuwa amehifadhi namba za wateja wake wote kwenye simu. Njia zilipofunguliwa alituma ujumbe mmoja, na oda zikaanza kuingia siku ile ile. Mama hakuwa na namba hata moja. Aliwajua wateja kwa sura na kwa majina ya mama zao. Ilitubidi tungoje wapite, na wengi hawakupita, kwa sababu walidhani ameacha kuuza. Ilituchukua miezi kurudi tulipokuwa, na kodi ya nyumba haikungoja.

Nne, mteja huongea hadharani, nawe wapata nafasi ya kumjibu hadharani. Zamani mtu akilalamika barazani kwamba mahamri yako ni magumu, wewe ni wa mwisho kujua. Sasa anaandika chini ya picha yako. Wengi huliogopa jambo hili, lakini mimi naliona ni faida. Ukimjibu, "Samahani dadangu, jana unga haukuumuka vizuri, njoo nikubadilishie," watu wanaosoma hawamwangalii aliyelalamika. Wanakuangalia wewe. Jibu moja la heshima hujenga imani kuliko picha kumi nzuri.

Tano, mpaka unakuwa mbali. Bahari haijawahi kuwatenganisha watu wetu na jamaa zao walioko Muscat au Dubai. Mwaka jana binti aliye Muscat aliona picha ya mikate yetu kwenye statasi ya khalati yake. Akamwagizia mamake aliye Majengo mikate miwili ya Idi, na khalati akalipa kwa M-Pesa. Mama hakumjua binti huyo, wala hakuwa na haja ya kumjua.

Kila mtandao na kazi yake

Kosa la wengi ni kufungua kurasa nne kwa siku moja kisha zote zife. Anza na mmoja, ule ambao wateja wako wako tayari.

WhatsApp ndiyo baraza letu. Iko programu yake maalumu kwa wafanyabiashara, WhatsApp Business, iliyotoka 2018 na ni ya bure. Inakuwezesha kuweka orodha ya bidhaa na bei, saa za kazi, ramani ya ulipo na majibu uliyoyaandika mapema kwa maswali yanayojirudia. Statasi hudumu saa 24, kwa hivyo inafaa kwa habari za leo: "Mikate imetoka, imebaki sita." Kuna pia orodha ya kutangazia, inayopeleka ujumbe mmoja kwa watu mpaka 256, kila mmoja akaupata kama ameandikiwa peke yake. Lakini ujumbe huo humfikia tu mtu aliyehifadhi namba yako. Ndiyo maana kila mteja anayenunua namwomba aihifadhi pale pale, mbele yangu.

Facebook ina watu wa rika zote na vikundi vya mitaa. Inafaa kwa samani, vifaa, nyumba za kupanga na mafundi. Instagram ni ya vitu vinavyovutia macho, kama hina, keki, dera, kanzu, vyumba vya wageni vya Diani na Watamu. TikTok ina jambo moja la pekee: video yako inaweza kupelekwa kwa mtu asiyekufuata kabisa. Kwa anayeanza bila wafuasi, hiyo ni nafasi kubwa. Fundi anayeonyesha jinsi ya kutengeneza feni hahitaji kuimba wala kucheza. Watu hupenda kuona mikono ikifanya kazi.

Na ingawa si mtandao wa kijamii hasa, hakikisha biashara yako iko kwenye ramani ya Google. Ni bure pia, na mgeni anayetafuta mkahawa akiwa amesimama Ngome Kuu huanzia hapo.

Makosa yanayofukuza wateja

La kwanza ni ugonjwa wetu Wakenya: "Bei njoo inboksi." Sijui nani alitufundisha. Mtu akiona bei imefichwa anajua kwamba utamwangalia kwanza ndipo useme. Dukani bei huandikwa ili mwenye shilingi 300 ajue kama aingie au apite. Iandike na mtandaoni pia. Utapokea maswali machache, lakini yatakuwa ya watu wanaotaka kununua.

La pili ni kutumia picha za watu. Ukipakua picha ya keki ya Uturuki ukaiuza kama yako, mteja atakapopokea ya kwako atapiga picha zote mbili na kuziweka pamoja. Picha ya simu yako mwenyewe, iliyopigwa asubuhi karibu na dirisha, inatosha.

La tatu ni kuweka tangazo na kutojibu. Anayeuliza saa tatu na kujibiwa kesho yake ameshanunua kwengine. Kama huwezi kujibu wakati wote, andika saa unazojibu.

La nne ni kununua wafuasi. Wafuasi 10,000 wa kununuliwa hawali hamri hata moja. Heri 80 wanaokaa Kibokoni, Tudor na Kizingo.

Ulinzi wa pesa na wa sheria

Baada ya yaliyotupata tuliweka kanuni, nami nazitoa kwa yeyote anayetaka kuzifuata.

Tunatumia namba moja tu ya kulipia, nayo ni ya Lipa na M-Pesa, si ya mtu binafsi. Mteja akilipa, jina la biashara hutokea kwenye ujumbe wake. Namba hiyo iko kwenye kila picha, na juu ya ukurasa tumeandika kwamba hatuna nyengine. Picha zetu zina jina letu katikati, mahali ambapo hapakatiki kwa urahisi. Kila baada ya majuma machache natafuta jina letu nione kama kuna aliyeliiga, na nikimpata naripoti akaunti yake kwa wenye mtandao huo na kuwatangazia wateja. Nywila ya ukurasa haijui mtu mwengine, na akaunti ina uthibitisho wa hatua mbili.

Upande wa kupokea, usitoe bidhaa kwa kuonyeshwa ujumbe wa M-Pesa kwenye simu ya mnunuzi. Ujumbe unaweza kubuniwa. Angalia simu yako na salio lako.

Iko pia sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha na namba ya simu ya mteja kuwa mali ya kulindwa. Mwaka 2023 Afisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza biashara moja ya burudani ya Nairobi faini ya shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ridhaa yake. Mwenye saluni au mchoraji wa hina, omba ruhusa kabla ya kumweka bibi arusi wa watu kwenye ukurasa. Hapa kwetu hilo ni suala la heshima kabla hata ya kuwa suala la sheria. Na mteja akisema asitumiwe tena matangazo, mtoe. Kuhusu sifa za uongo, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inakataza kumdanganya mnunuzi juu ya ubora au bei, hata kama duka lako ni simu tu.

Tena usiweke mayai yote kwenye kapu la mwenye mtandao. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa karibu saa sita duniani kote. Aliyekuwa na namba za wateja kwenye daftari aliendelea kupiga simu. Sisi daftari letu tunalo mpaka leo, karibu na jiko, limejaa unga.

Piga hesabu, usihesabu laiki

Laiki hailipi kodi. Kila mwisho wa mwezi jiulize maswali matatu: wangapi waliuliza, wangapi walinunua, na wangapi walirudi mara ya pili?

Chukulia faida ya mkate mmoja ni shilingi 100. Ukilipia tangazo kwa shilingi 1,000, ni lazima liuze mikate 10 ndipo urudishe pesa zako tu. Mkate wa 11 ndio mwanzo wa faida. Lakini kama miongoni mwa wanunuzi hao 10 yuko mmoja atakayeagiza kila Ijumaa, hesabu inabadilika kabisa. Kwa sababu hiyo napenda pesa na nguvu zangu ziende kwa kumrudisha mteja kuliko kumtafuta mgeni.

Na tusidanganyane. Kama mkate ni mbaya, mitandao itakumaliza upesi zaidi kuliko ungalikaa kimya. Hapo mama alikuwa na haki yote. Ukurasa humleta mtu mara moja, na ni mkate unaomrudisha.

Pa kuanzia

Huhitaji kamera wala mtaalamu. Juma hili chagua mtandao mmoja. Andika jina la biashara lile lile lililo kwenye kibao chako. Piga picha tano za bidhaa zako, na kila moja uiandikie bei, ulipo na saa za kazi. Weka namba moja ya malipo. Omba wateja kumi wa mwanzo wahifadhi namba yako. Kisha tenga nusu saa asubuhi na nusu saa jioni ya kujibu, kama unavyotenga muda wa kufagia mbele ya duka.

Mama bado hashiki simu akiwa na unga mikononi, na bado anaamini methali yake. Mimi hujibu maswali, yeye hukanda. Yule msichana wa Bamburi hakurudishiwa pesa zake na tapeli, lakini namba yake ilikuwa ya kwanza kuandikwa kwenye daftari letu.

Kabla hujalala leo, litafute jina la biashara yako kwenye simu. Ukikuta hakuna kitu, au ukakuta mtu usiyemjua anajibu kwa jina lako, basi usingoje kubishiwa hodi kama sisi.